Kupanda na Maji Bila Kuimba

Kwanza walisema tumerogwa, kisha wakasema sisi ndio tunaoroga. Nilisikia yote mawili kwa masikio yangu, nikiwa na miaka kumi na mitano, na sikuacha. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kuteka maji, nilisimama uani na mdogo wangu wa kike, miguu tumeitenga kidogo, magoti tumeyalegeza. Tuliinua mikono polepole mbele ya kifua huku tukivuta pumzi kwa pua, tukaishusha polepole zaidi huku tukiitoa. Mdogo wetu wa kiume, ambaye alikuwa na miaka sita, alikaa kizingitini akitucheka.

Baba alikufa kwa homa mwaka mmoja baada ya mama. Niliacha shule nikiwa darasa la nne, nikashika jembe. Matanga yalipokwisha, Mjomba alikuja na baiskeli yake kutoka upande wa Lulindi. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, wala sikatai hilo. Akasema mdogo wangu wa kike atakwenda naye, wa kiume atakwenda kwa mama mdogo kule Makote, na mimi nimeshakuwa mtu wa kuolewa.

Nikamwambia, "Mjomba, nimekuamkia leo na kesho nitakuamkia. Lakini hawa hawatoki hapa."

Hakunipiga. Alicheka. "Nyumba ni maji, mwanangu. Nani atawatekea?"

Alijua anapogusa. Huku juu Newala, wakati wa kiangazi, jirani atakupa moto, atakupa chumvi, hata unga wa muhogo atakupimia. Maji hakupi, na mwenye adabu haombi. Chemchemi iko chini kabisa ya ukingo wa nyanda, na kila tone limepandishwa kichwani kwa mtu. Nyumba inayoomba maji watu huihesabu kuwa imekufa, hata kama moshi bado unatoka.

Basi tukapatana mbele ya bibi wawili wa ukoo. Tukijitekea wenyewe mpaka mvua ya kwanza, atatuacha pamoja. Akisikia tumeomba hata kata moja, atawachukua wote wawili siku hiyo hiyo.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mtu mmoja hawezi kuteka maji ya watu watatu na bado akalima. Ilikuwa lazima tushuke wawili, na huyo wa pili alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye pumu. Wiki ya kwanza alifika nusu ya mlima, akatua mtungi wake mdogo, akakaa, midomo imepauka kama majivu. Nilipandisha debe langu juu, nikarudi kuuchukua mtungi wake, kisha nikarudi kumchukua yeye. Tulifika nyumbani jua likiwa limepinda, na shamba halijaguswa.

Siku ya nne au ya tano jirani yetu alitukuta pale njiani. Alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, alipigana Burma, akarudi na kovu refu chini ya mbavu. Watu walimcheka kwa sababu kila asubuhi alisimama kati ya mikorosho yake akipunga mikono taratibu kama anayefukuza kuku bila kutaka kuwaudhi.

Alimtazama mdogo wangu, akasema, "Huyu anapanda kwa mabega."

"Shikamoo, Baba. Anapanda kwa miguu, ila ni mgonjwa."

"Marahaba. Tazama mabega yake. Kila akivuta pumzi yanaruka mpaka masikioni. Njooni kesho, kabla ya jua."

Tulikwenda. Alituonyesha kutikisa mwili wote kwanza, kama unga kwenye ungo, mpaka viungo vilegee. Halafu kugeuza kiuno huku mikono ikining'inia na kufuata yenyewe. Halafu ile ya kuinua na kushusha mikono pamoja na pumzi. Nikaona hii naijua. Si drili tu? Shuleni mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa drili. Tuliporudi uani nikasimama wima, nikapaza sauti: "Moja! Mbili! Juu! Chini!" Mdogo wangu akainua na kushusha, akainua na kushusha, na kabla sijafika ishirini kifua kilikuwa kinalia filimbi na mimi nimemshika nisijue la kufanya.

Jirani alinisikia kutoka kwake. Alikuja akicheka hadi akakohoa.

"Unampeleka vitani? Mimi nimetoka huko, mwanangu, hakuna kitu."

Alimkalisha mdogo wangu, akangoja kifua kitulie, kisha akaniambia kosa langu. Drili ni amri, na pumzi haipokei amri. Yeye alifundishwa na Mchina aliyelazwa naye hospitali ya vita, kitanda kwa kitanda, Mchina mwenye bandeji kichwani. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Yule Mchina alimwekea kiganja tumboni, na kila kifua kilipotangulia kuinuka alimpiga kofi dogo. "Makofi mengi," alisema. "Nilidhani ananidai kitu."

Nikaweka kiganja changu tumboni kwa mdogo wangu. Sikumpiga. Nilingoja tu mpaka mkono wangu uinuke, kisha ushuke. Tuliacha kuhesabu.

Sasa kulikuwa na jambo la nyimbo. Wanawake wakipanda na maji huimba. Mmoja hutoa, wengine hupokea, na asiyepokea anajulikana ana kinyongo, au ana jambo baya zaidi. Mimi nilimkataza mdogo wangu kupokea. Nikamwambia pumzi yake ni ya kupandia, si ya kuimbia. Na kwa kuwa sikutaka anyamaze peke yake, na mimi nikanyamaza.

"Nyie yatima," aliuliza mama mmoja mwenye sauti kubwa, ambaye ndiye aliyetoa nyimbo, "midomo mmeifungia sandukuni?"

"Shikamoo, Mama. Tunapumua."

"Na sisi tunafanya nini? Tunakufa?"

Mlima mzima ulicheka. Baada ya hapo yakaanza maneno: wale watoto wanafundishwa na mtu wa Burma kuuita upepo, ndiyo maana mvua haiji. Mtu alitema mate nilipopita. Nilimwamkia, nikapita.

Maneno yalimfikia Mjomba. Alikuja katikati ya joto kali, na kwenye karia ya baiskeli alikuwa amefunga kamba mpya. Niliiona.

"Nasikia mnajifunza uchawi."

"Mjomba, tulipatana juu ya maji. Waulize bibi kama tuliomba."

Aliegemeza baiskeli ukutani. Kisha akasema, "Basi kesho nitasimama pale juu nione."

Kesho yake upepo ulikuwa wa vumbi, na kifua cha mdogo wangu kilikuwa kinapiga filimbi tangu alfajiri. Tulifanya mazoezi yetu nusu tu. Kule chini, baada ya kuteka, niliunyoshea mkono mtungi wake.

"Dada, niache," alisema. "Ukibeba wewe, atakuwa amekutazama wewe."

Nikatembea nyuma yake. Hatua moja akivuta, hatua mbili akitoa, mabega yametulia. Wanawake walitupita wote wakiimba. Sikujua wakati ule, lakini walipofika juu Mjomba aliwauliza tuko wapi. Yule mama mwenye sauti kubwa akamjibu, "Wale? Watafika. Huwa wanachelewa kama barua ya serikali, lakini wanafika."

Tulifika. Mjomba alinyosha mikono amtue, mdogo wangu akampita. Maji huhesabiwa yakiwa ndani ya mtungi wa nyumba, na mdogo wangu alilijua hilo. Alikwenda mpaka ndani, akamimina, kisha akakaa chini ukutani, kiganja tumboni, akapumua kwa shida muda mrefu. Sitasema yale mazoezi yalimponya. Pumu alibaki nayo. Yalimpandisha mlima tu.

"Mtoto huyu anaumwa," alisema Mjomba.

"Anaumwa, na amechota."

"Mvua bado."

"Bado, Mjomba. Tutachota mpaka inyeshe."

Nilimpa kata ya maji kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Alikunywa yote. Alipokwenda kwenye baiskeli, mdogo wetu wa kiume alinikamata kanga kwa nguvu hadi ikafunguka. Mjomba aliona. Aliikagua ile kamba, akaikaza vizuri kwenye karia ambayo haikuwa na kitu, akaondoka.

Mvua ya kwanza ilitukuta watatu. Tulitoa vyombo vyote uani, mpaka vifuniko.