Neno Walilomwita Mume Wangu

Mwaka ule asubuhi nilifundisha watoto, na alasiri nilifundishwa mimi. Nilizaliwa Goma, nikasoma kwa Kifaransa, nikafundisha kwa Kifaransa miaka mingi hapa Gisenyi, upande wa pili wa mpaka, Rwanda. Shule zilipohamia Kiingereza, walimu wa zamani tukahama nazo kwa kuburuta miguu, hadi tukaambiwa kuna mtihani. Basi watoto wakishatoka, tuliketi kwenye madawati yao, magoti yamebanwa, tukimsubiri mkufunzi. Alikuwa binti aliyekulia Uganda, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alituita madamu na mzee, na hakumcheka mtu. Tulisinzia vilevile.

Mimi nilikuwa na sababu zaidi ya kusinzia. Nyumbani kwetu Nengo alikuwa amehamia mdogo wangu wa kiume na mkewe na watoto wao, na mimi na mume wangu tulikuwa tunalala sebuleni, juu ya godoro linalokunjwa alfajiri kabla watu hawajaanza kupita.

Siku moja mkufunzi aliandika ubaoni maneno ya akili: clever, smart, shrewd, cunning, wise, sensible. Akasema Waingereza hawatosheki na neno moja. Kuna akili ya darasani, kuna ya sokoni, kuna ya kumzunguka mwenzako. Sisi kwa Kinyarwanda tungesema ubwenge, tukaendelea na mambo yetu. Alipofika kwenye "cunning" akaeleza kwa hadithi ya sungura, na mwalimu wa hesabu aliyekaa mbele yangu akasema, "Huyo ni mwenye nyumba wangu." Tukacheka kidogo. Hata kucheka kulikuwa kunachosha.

"Madamu, tusomee la mwisho," akaniambia.

Nikalisoma kama nilivyolijua tangu utotoni, kwa pua, Kifaransa kitupu.

"Nyumbani kwako nani yuko hivyo?"

"Mume wangu," nikajibu bila kufikiri. "Analia arusini. Analia hata kwaya ikiimba vizuri."

Binti akatabasamu. "Hapana, madamu. Huyo Kiingereza kina neno lake jingine. Hili ni la mtu anayepima jambo kabla ya kulitenda. Mwenye busara ya kila siku. Kwa mfano, mtu wa namna hiyo hajengi nyumba kando ya mto."

Nikaliandika neno daftarini, nikalipigia mstari.

Sensible, kwa Kifaransa chetu, ni mtu mwenye moyo laini, wa kuguswa na kila kitu. Ndilo neno ambalo mdogo wangu alimpa mume wangu, na hakumpa kwa kumsifu.

Tulikuwa na kiwanja Rugerero, bondeni, karibu na mto Sebeya. Tulipokuwa tayari kujenga, mume wangu alikwenda kukitazama baada ya mvua. Alimkuta bibi jirani anawapandisha mbuzi wake mlimani. Alipomuuliza sababu, bibi alisema tu kwamba mbuzi hawapendi kelele za maji. Mume wangu akarudi nyumbani, akasukuma sahani pembeni.

"Mama watoto, mi siwezi kulala pale. Naogopa."

"Unaogopa nini? Si watu wanajenga?"

"Sijui. Naogopa tu."

Nilinuna siku nyingi. Mdogo wangu ni mfanyabiashara wa kuvuka mpaka kwenda Goma na kurudi, mwenye ulimi mwepesi. Alicheka sana aliposikia. "Yaya," akaniambia, kama tunavyowaita dada wakubwa, "bwana yako iko sensible mingi. Muniuzishe mi ile parcelle."

Tukamuuzia. Akajenga nyumba nzuri ya mabati ya bluu, na kila tulipokwenda kuwatembelea niliyatazama madirisha yake, nikayahesabu.

Kisha msimu mmoja wa mvua, alfajiri, mto ukatoka mahali pake. Ukachukua jiko, ukachukua ukuta wa nyuma na vyote vilivyouegemea. Waliokoka wote kwa sababu wifi yangu alikuwa ameamka kuwasha moto, akasikia ardhi inanguruma. Walifika kwetu asubuhi, matope hadi kwenye nywele. Mume wangu alifungua mlango, akawaona watoto, akalia kabla wao hawajalia. Kisha akaenda kutoa nguo zetu chumbani ili wao walale humo.

Basi siku ile ya somo nilirudi Nengo kwa miguu, nikamkuta uani anasugua viatu vya shule vya watoto wa mdogo wangu.

"Leo nimefundishwa neno lako," nikamwambia. "Sensible."

Akainamisha uso. "Ile tena?"

"Si ile. Kwa Kiingereza ni mtu anayepima mambo. Mtu wa busara."

"Donc, basi, iko neno moja?"

"Herufi zote ni zilezile."

Alisugua soli kwa muda. "Mi sikupima kitu, mama. Niliogopa." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, akitazama dirisha la chumba chetu, "Usimwambie mudogo yako. Iko na mizigo ya kutosha."

Sikumwambia. Nilichukua brashi nyingine nikaketi kando yake, na hasira yangu ya zamani sikujua niipeleke wapi. Tuliosha viatu vyote.

Baadaye wakuu walitangaza kwamba bondeni pale hapajengwi tena, palimwe tu. Jioni ile mdogo wangu hakula. Alikaa mezani akizungusha kikombe, mwisho akauliza, "Shemeji, kusema kweli, pale uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Unanificha."

"Niliona mbuzi wanapanda mulima."

Mdogo wangu akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu waje, na katikati ya kicheko akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mume wangu akasogeza kiti, akamwekea mkono begani. Mimi na wifi yangu tukaondoa sahani.

Mtihani niliufanya mwezi uliofuata. Nilipita kwa shida, nikaambiwa niendelee kufundisha. Sikushangilia, nilihisi tu kama mtu aliyetua ndoo.

Wao walipata nyumba ya kupanga juu mlimani, Rugerero hukohuko, wakahama siku ya Jumamosi. Watoto walilia kuondoka, mume wangu naye, bila shaka. Gari lilipotokomea, alirudisha nguo zetu chumbani, akatandika shuka kitandani petu, akaniambia nipumzike kidogo. Nililala mchana kutwa. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya, na jikoni kulikuwa na sahani ya ndizi na maharage, imefunikwa.