Swali Moja Lililonirudisha Kimana

Sikwenda Kimana kutembea. Nilikwenda kwa sababu Sista Naserian, muuguzi aliyekuwa msimamizi wangu huko zamani, alikuwa ameacha kushika simu zangu, na bila jibu lake nisingeweza kwenda kufanya kazi ya uuguzi Uingereza.

Wanaofikiria njia hii wajue ilivyo. Muuguzi aliyesomea Kenya hapandi ndege na cheti chake tu akafika kule akavaa sare. Kuna mtihani wa Kiingereza, na baada yake mtihani wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta. Baraza la wauguzi la hapa nyumbani linathibitisha kwamba umesajiliwa. Waliokusimamia kazini wanaandikiwa kwa barua pepe na kuulizwa ulifanya kazi namna gani, na wewe mwenyewe unaulizwa mambo ya tabia na afya yako. Ukishafika, kuna mtihani mwingine wa vitendo. Mimi mitihani ya hapa nilikuwa nimepita, na hospitali moja ya kaskazini mwa Uingereza ilikuwa imenipa nafasi. Msimamizi wangu wa sasa, katika kliniki ninayofanya kazi hapa Kitengela, alijibu upesi. Aliyebaki ni Sista Naserian, wa zahanati ya kanisa iliyo nje kidogo ya mji wa Kimana. Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa kabla mume wangu, Wekesa, hajapata shule ya kufundisha Kitengela tukahamia huku.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikuwa nimelimaliza. Katika yale maswali yangu mwenyewe, moja liliuliza kama nimewahi kuchunguzwa kuhusu kazi yangu. Nililiacha wazi. Ajenti aliyekuwa akitusaidia na maombi alilitazama akasema, "Hapo weka hapana, madam. Hakuna mtu atatoka Uingereza kuja Kimana kuuliza." Nilimwambia nitalijaza baadaye.

Asubuhi na mapema, Kitengela. Nilisafiri na Mama Kioko, jirani yetu katika ploti ya nyumba za kupanga, ambaye huuza vitunguu na nyanya sokoni na kila wiki hufuata mali yake Kimana kwa kanta, lori dogo la kukodi. Tulikaa mbele na dereva, makreti matupu yakigongana nyuma. Mama Kioko ni mtu wa Makueni na hapendi safari ya kimya. Tulipopita Athi River tukashika barabara ya Mombasa, aliniuliza kama huyo sista amenikatalia.

"Sijui," nikasema. "Hashiki simu."

"Mlikosana?"

"Hatukukosana."

"Basi ni vizuri unaenda kumuona na macho. Mimi wakulima wakinizimia simu huwa naenda mpaka kwa shamba. Mara nyingi hata si ubaya, ni aibu tu."

Saa nne hivi, Emali. Tulikunywa chai na chapati, dereva akakagua magurudumu, kisha tukaiacha barabara kuu tukashika ile inayoteremka kwenda Loitokitok. Hapo nchi inabadilika. Ardhi inakuwa tambarare na kavu, ng'ombe wanavuka barabara kwa wakati wao, na mabango ya ploti za kuuzwa yanapungua. Mlima Kilimanjaro ulikuwa ndani ya mawingu, ukionekana sehemu ya chini tu. Baada ya mwendo wa kutosha ukijani unatokea ghafla: mifereji, pampu za maji zinazonguruma, mashamba ya nyanya na vitunguu hadi kando ya lami. Nilipokuwa nikiishi huko sikuwa nikiyatazama sana.

Adhuhuri, Kimana. Mama Kioko alikwenda kwa wakulima wake, nami nikachukua boda boda hadi zahanati. Jengo lilikuwa limepakwa rangi upya. Sista Naserian alikuwa kwenye ubao wa nje, amevaa miwani, anaandika siku za chanjo kwa chaki. Aliponiona hakushtuka.

"Takwenya," akanisalimia, kama mkubwa anavyomsalimia mwanamke mdogo kwake.

"Iko," nikajibu.

Alimaliza mstari wake, akafuta mikono, akanipeleka chumba cha ndani. Kwa mila ya pale tulianza na habari za watoto, mvua na mifugo. Kisha akasema, "Simu zako nimeziona, Nafula."

"Kwa nini hukushika, Sista?"

"Ungeniuliza kama nimejibu. Na mimi sikutaka tuongee mambo ya Resiato kwa simu."

Resiato alikuwa msichana aliyejifungulia mikononi mwangu jioni moja ya mvua kubwa. Mtoto alitoka salama. Baadaye kidogo mama akaanza kuvuja damu na damu haikukoma. Nilimwekea dripu, nikampa dawa iliyokuwapo, nikalikanda tumbo la uzazi kama tulivyofundishwa, na nikapiga simu ya gari la kumpeleka hospitali. Gari lilikuwa ng'ambo ya korongo lililofurika. Lilipopata njia ya kuzunguka, Resiato alikuwa amechoka sana. Alifariki njiani, mimi nikiwa naye. Kanisa liliunda kamati, tukahojiwa mmoja mmoja, na mwisho kamati ikasema sikuwa na kosa, tatizo lilikuwa usafiri. Nilirudi kazini. Habari hiyo iliishia hapo, au niliiona kama imeishia.

"Nimeulizwa kama umewahi kuchunguzwa," Sista Naserian aliendelea. "Umewahi. Mimi nitaandika hivyo, na nitaandika kamati ilisema nini. Lakini kama wewe uliandika hapana, jibu langu litakuharibia. Ndio maana nimengoja."

"Sijaandika kitu."

"Utaandika nini?"

"Ajenti anasema hapana."

"Sijauliza ajenti anasema nini."

Hakulisema kwa ukali. Alisimama kwenda kumwona mgonjwa, akaniacha na chai. Nilikaa pale nikifikiria nafasi niliyopewa, na kwamba nikiandika ndiyo huenda nikaipoteza kwa jambo ambalo si kosa langu. Nilikuwa nimekasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani. Usiku nililala kwake, na hatukulizungumzia tena.

Kesho yake asubuhi, zahanati. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na muuguzi wake mwingine alikuwa likizoni. Niliazima aproni nikashika mizani. Kina mama walikuwa wengi, wakiongea Kimaasai na Kikamba, na kazi ile mikono yangu iliikumbuka bila shida. Katikati ya foleni alifika mwanamke wa makamo akiwa na mtoto wa kike anayetembea. Nilimtambua kabla hajafika mbele. Alikuwa mama yake Resiato.

Tulimpima mtoto. Alikuwa na uzito mzuri. Alitaka kushika mshale wa mizani na bibi yake akamrudisha mkono. Kisha yule mama akanitazama.

"Wewe ni Sista Nafula."

"Ndiyo, yeyo," nikamwita kama mama anavyoitwa pale.

"Walisema ulienda Nairobi."

"Kitengela."

Alimshika mtoto mkono. Nilidhani ataondoka. Akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Ile siku mimi nilikuwa nje. Walinifungia nje. Halafu kamati ikaita nyinyi, ikaongea na nyinyi. Mimi hakuna mtu ameniambia. Niambie."

Nilimtazama Sista Naserian. Alichukua mizani kutoka kwangu, akaita mtu aliyefuata.

Tulikaa kwenye benchi upande wa nyuma, mtoto akicheza na vijiwe miguuni petu. Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia Resiato alivyoingia akitembea mwenyewe. Nilimwambia dawa niliyompa na kwa nini, simu nilizopiga, walichonijibu. Nilimwambia wakati nilipojua hali imekuwa mbaya. Sikumwambia kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu, kwa sababu hakuuliza hilo. Alisikiliza bila kunikatiza, akitazama ua wa zahanati.

"Alikuwa anaongea?" akauliza nilipofika kwenye gari.

"Mwanzo alikuwa anaongea. Aliuliza kama mtoto ni msichana."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Nilimwekea mtoto kifuani akamshika."

"Basi alimuona."

"Alimuona."

Alifunga shuka lake vizuri. Akaniuliza nimekuja kufanya nini, nikamwambia nataka kwenda kufanya kazi Uingereza, na kwamba watu wa huko wanataka kujua kama niliwahi kuchunguzwa.

"Si uwaambie tu vile umeniambia mimi," akasema. Alimwinua mtoto, akarudi kwenye foleni kuchukua dawa ya minyoo.

Mchana, nyuma ya zahanati, ambapo mtandao hushika vizuri. Nilifungua yale maombi kwa simu, nikaweka ndiyo, na nikaandika maelezo niliyokuwa nimetoka kuyasema, safari hii kwa Kiingereza. Sista Naserian alisimama kando yangu akituma majibu yake. Hakuniuliza nimeandika nini. Alisema tu kwamba itasaidia nikipata maelezo ya daktari aliyeongoza ile kamati, ambaye sasa amestaafu na ana kliniki ndogo Kajiado mjini.

Siku ya tatu, njia ya Mashuuru. Mama Kioko alikuwa amesharudi na mzigo wake, kwa hiyo nilipanda proboksi, gari dogo la abiria, hadi Emali, na kutoka huko nikaunganisha kupitia Mashuuru hadi Kajiado. Ni njia ya vilima vidogo na miti ya miiba, na tulikutana na mbuzi wengi kuliko magari. Kajiado nilifika mchana, upepo ukipeperusha vumbi kati ya maduka na ofisi. Kliniki ya daktari haikunisumbua kuipata. Alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, na alinikumbuka.

"Ukituma hii itakuchelewesha," aliniambia alipomaliza kuandika maelezo. "Watauliza, utajibu, watauliza tena."

"Najua, daktari."

"Nafasi yako inaweza kwenda."

"Hilo pia najua."

Aligonga muhuri wake, akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Mkewe akaniletea ugali na sukuma wiki pale pale kliniki, tukazungumza habari za Kimana.

Jioni, barabara ya Namanga. Baada ya Isinya malori ya mawe yalikuwa yakitutangulia, na tulipokaribia Kitengela magari yakabanana kama kawaida. Wekesa alikuwa amewalaza watoto. Aliniwekea chakula, akangoja nimalize.

"Ulijaza nini?"

"Ndiyo."

Aliondoa sahani. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu kwamba mwakani watoto watakuwa shule nyingine. "Basi tusimwambie mwenye nyumba bado kwamba tunahama," akasema.

Mambo yakaenda kama daktari alivyosema. Baraza la wauguzi la Uingereza liliuliza, nikajibu, likauliza tena. Hospitali ilingoja kwa muda, kisha ikaandika kwa heshima kwamba imempa mtu mwingine nafasi. Nililia siku hiyo, chooni, kazini, nikanawa uso nikarudi kwa wagonjwa. Ajenti aliacha kunipigia. Wenzangu wawili niliokuwa nikisoma nao kwa ajili ya mtihani wakaondoka kabla yangu, na niliwasindikiza wote. Mwisho baraza likaandika kwamba limeridhika na maelezo na halina pingamizi. Ilikuwa sentensi fupi, nami niliisoma mara nyingi. Nikaanza kutafuta hospitali nyingine.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilikuwa nikidhani masharti ya leseni ni vizuizi vya kurukwa kimoja baada ya kingine, na mengi ni hivyo kweli: ukisoma utapita, na usipopita utarudia. Lakini lile swali halikuwa la kusomea. Nililijibu vizuri kwa sababu nilikuwa nimelijibu kwanza mbele ya mtu aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuuliza. Nimepata nafasi kwingine, na naondoka mwezi ujao. Wekesa na watoto watafuata nikishapita mtihani wa vitendo, na sasa mwenye nyumba anajua.

Katika usaili wa hii hospitali nyingine, uliofanywa kwa video, waliniuliza kama kuna kesi ambayo bado naifikiria. Nikawaeleza habari za Resiato, bila kuongeza wala kupunguza. Muuguzi mkuu aliyekuwa akiniuliza, mwanamke wa umri wa mama yangu, aliweka kalamu chini.

"Na yule mtoto?" akauliza. "Anaitwa nani?"

"Nalotuesha," nikamwambia. Akaniomba nimtajie herufi za jina hilo, akaliandika. Kisha akaniuliza maana yake, nikamwambia ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua.