Sauti Yangu Inazama Nikifika Pale pa Kifua

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje, maana huku milimani kwetu Same kila mtu ni ndugu wa mtu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la saba, nina mtoto mmoja wa kike wa miezi saba. Naishi kwa wakwe zangu. Mume wangu anachomelea vyuma Same mjini, anapanda huku Jumamosi kwa Jumamosi. Mkiona nimekosea kuandika mnisamehe.

Mwanangu alizaliwa kabla ya siku zake, kadogo hadi niliogopa kukashika. Hospitali nesi mmoja akanifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu. Siku moja midomo yake ikageuka bluu. Nilipiga kelele wodi nzima ikasimama, nesi akaja mbio, akamrudisha. Leo ana mashavu, anawacheka kuku. Kwa hiyo nesi aliponipigia kuniambia kuna watu wanatafuta mama aliyepitia hayo arekodi masomo mafupi ya video, watumiwe akina mama wa huku juu na wa kule bondeni, nilikubali hata hajamaliza. Ni kazi kwelikweli, ya kwanza maishani mwangu.

Nikarekodi ya majaribio uani, simu nimeiegemeza kwenye debe la mahindi. Baada ya siku mbili dada anayesimamia masomo hayo akanijibu kwa maandishi: "Asante mama. Kuna sehemu hatukuelewi. Rudia." Basi, hakuongeza neno. Mimi nikajua ni Kipare changu. Wifi yangu, yeye kafika kidato cha nne, akaisikiliza akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, hiyo sauti ni ya kumwita mtu ng'ambo ya shamba la tangawizi! Wale wanataka Kiswahili cha redioni." Siku nne nikawa namwigiza mtangazaji. Hata kumbembeleza mtoto nikawa naogopa, nisije nikamwambukiza ulimi wangu. Nikarekodi tena, nikatuma.

Safari hii dada akapiga. "Mama, huyu ni nani sasa? Nirudishie yule wa kwanza!"

Nikamwambia dada nisamehe, mimi ni Mpare, ulimi wangu ndio huo.

"Nani kakwambia ulimi? Mama yangu mzazi ni Mpare wa Gonja, anaongea hivyo hivyo na tunamwelewa. Mimi ndiye niliyekuandikia kifupi mno. Nenda kasikilize unapoanza kutaja kifua, mpaka kwenye dalili za hatari. Unazima kama redio iliyoishiwa betri. Tulimpa mama mmoja wa Maore, kule bondeni, aisikilize, ana kichanga kama wako alivyokuwa. Akatuuliza, 'Mtoto akibadilika rangi, kasema nifanyeje?'"

Nikaibandika simu sikioni, kisha nikaitazama. Ni kweli. Naanza vizuri, mama mwenzangu, vua nguo ya juu, mlaze mtoto katikati ya… halafu nasikika kama niko ndani ya mtungi, macho nimeyashusha chini. Na nyuma yangu, kwa mbali, kuna kikohozi. Nikakijua. Baba mkwe alikuwa anapita kwenda kwenye banda la mbuzi.

Ndugu zangu, nimeolewa miaka miwili, sijawahi kupaza sauti mzee yule akiwepo. Akipita nainama, nasema shikamoo taratibu, nasubiri apite. Hakuna aliyenichapa nijue hivyo, mwili wenyewe umezoea. Sasa nitaje maziwa, nitaje kifua wazi! Sikujua hata kama nilishusha sauti.

Mtasema nikarekodi kwa nesi. Ameniita, ni Jumamosi, na dada kasema hiyo ndiyo ya mwisho, isipofaa wanatafuta mama mwingine. Lakini juzi nilijaribu kwa jirani, mzee akiwa mbali kabisa mnadani, na pale pale sauti ikazama. Kwa sababu najua video itazunguka. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, yumo kwenye makundi yote ya simu. Nilimdokeza mama mkwe. Akaacha kupepeta maharage, akaniangalia. "Mwanangu, kumnyonyesha mjukuu wetu ni heshima yako. Kumtangazia mzee wako kifua kwenye simu, hilo sijui utalibebaje." Hakugomba. Afadhali angegomba. Mume wangu naye anasema, "Fanya unavyoona, ila sitaki kupanda huko nikute maneno." Nikikosea hapa, mimi na mwanangu tutakaa wapi?

Ila yule mama wa Maore hanitoki. Simjui hata jina. Yeye alikuwa na mtu wa kumuuliza, wakamjibu pale pale. Atakayeisikiliza peke yake je, mtoto kifuani, midomo inaanza kubadilika, na mimi ndani ya simu nanong'ona?

Naandika haya mwanangu amelala hapa hapa kifuani. Sasa hivi nimejaribu kumsemea yeye: "Midomo ikiwa ya bluu, akigoma kunyonya, akipumua kwa shida, usisubiri, mkimbize hospitali." Yote yametoka, Kipare changu kikiwemo, na hakushtuka. Halafu nikasikia kikohozi uani, nikafunga mdomo.

Keshokutwa ndiyo Jumamosi. Nyie mlio baba wakwe na mama wakwe, na nyie mlioolewa kama mimi, niambieni kabla sijaenda kwa nesi. Nitaisemaje ile sehemu kwa sauti nisimvunjie mzee wangu heshima? Au nimwachie mwingine kazi, nikae kimya na hiki ninachokijua?