Fahali Aliyerudishwa Langoni

Mama alipofariki mwaka jana hapa Karungu, nilijua mjomba angekuja, na nilijua nitamzuia langoni. Nilikuwa nimelipanga jambo hilo tangu nikiwa msichana wa miaka saba. Watu husema yaliyopita si ndwele. Wanaosema hivyo hawakuugua ugonjwa wetu.

Babu, mzazi wa mama, alifia Homa Bay wakati madai ya Uhuru ndiyo kwanza yanaanza. Mkoloni hakutaka chama kimoja cha nchi nzima. Alitaka kila upande uwe na chake. Nasi wajinga tukafurahi kama tuliogawiwa nyama. Baba alikuwa na kadi ya chama cha upande wetu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa katibu wa chama cha kwao. Wote wawili walitaka mzungu aende. Walichogombania ni nani atakayekalia kiti chake.

Mama alitangulia matangani. Baba akafuata na fahali, maana kwetu mkwe haendi kumzika baba wa mkewe mikono mitupu. Tulimswaga siku mbili kwa miguu, mimi nyuma na kifimbo changu. Langoni mjomba hata hakutusalimu.

"Kadi yako ni ya wapi?" aliuliza.

Baba, kwa kiburi chake, akaitoa mfukoni na kuionyesha. Si angenyamaza tu!

"Basi rudi na ng'ombe wako. Hapa hatuli nyama ya wasaliti."

Maiti ilikuwa bado ndani ya nyumba. Mama alitoka, akamtazama kaka yake, kisha akamtazama mumewe. Hakuna hata mmoja aliyemwonea huruma. Akatufuata. Hakumwona babake akizikwa, na hakukanyaga huko tena. Fahali yule baba alikataa kumchinja, akakataa kumuuza. Alimfunga jembe, na kila msimu mama alidondosha mbegu nyuma ya ng'ombe wa kilio cha babake. Hilo nalo sijamsamehe baba.

Ndiyo maana mwaka jana nilisimama langoni. Mjomba, sasa mzee wa miaka tisini na ushee, alishuka kwenye pikapu akishikwa mkono na mwanawe. Nyuma ya pikapu kulikuwa na fahali.

"Okewa," akaniita, kama mjomba anavyomwita mtoto wa dada yake.

"Kadi yako iko wapi, nera, mjomba wangu?" nikamuuliza kwa sauti, kila mtu asikie.

Mwanawe akafoka. Mzee akamnyamazisha. "Sina," akasema. "Walinifukuza Uhuru ulipopatikana tu. Baadaye chama chenyewe kikafa. Ng'ombe wenu aliishi miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi alikizidi chama."

Baadhi ya waombolezaji wakacheka. Mimi hasira ilinipanda. Kumbe mama alinyang'anywa kilio cha babake kwa ajili ya kitu ambacho hakikufikisha umri wa ng'ombe wa jembe!

Nikafungua lango, ingawa moyo haukufunguka. Nikampa mjomba kiti kando ya jeneza. Akaanza kulia kwa sauti, akalia sana, hadi wajukuu wakataka kumwondoa akapumzike.

Nikawazuia.

"Mwacheni alie mpaka amalize," nikasema. "Mama hakuachwa."