Jivu, Mbwa Aliyefuata Mkono

Enzi zetu mbwa hakupelekwa saluni. Juzi hapa Nakuru nilimkuta mjukuu wangu akimvalisha mbwa wake sweta, mbwa mwenye manyoya tele! Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha nikamkumbuka Jivu, na kicheko kikaniishia.

Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi katika shamba la mzungu kule juu Kuresoi, ambako baba alichunga kondoo. Mamake Jivu alikuwa mbwa wa kondoo wa bwana, mwenye manyoya marefu. Babake alikuwa mbwa koko wa kambini. Basi Jivu akatoka na mchanganyiko wake: manyoya ya kijivu yenye mabaka, yanayonasa kila mbegu ya porini, masikio wima, kichwa cheupe, jicho moja la kahawia na jingine la samawati. Watu waliliogopa lile jicho. Walisema halioni kitu, tena lina mkosi. Wapi! Jicho lilikuwa zima kabisa, kasoro ilikuwa kwingine.

Baba ndiye aliyegundua. Siku moja aligonga sufuria kwa mwiko nyuma ya mbwa waliolala. Wote waliruka, Jivu akaendelea kukoroma.

"Mwanangu, huyu hasikii," baba aliniambia kwa sauti ya chini. "Usimwambie mtu."

Sheria ya bwana tuliijua sote. Mbwa asiyeitika mluzi alipigwa risasi.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Mwaka huohuo familia ya Wanjiru, rafiki yangu wa pekee, ilipakiwa na askari wa serikali kwenye lori pamoja na sufuria zao na kuku wawili, wakapelekwa mbali. Kambi ikapooza. Sikuwa na wa kucheza naye kalongolongo, wala wa kugawana naye kiazi cha kuchoma. Upweke ule ulinila, nasema kweli. Nikabaki na Jivu. Nilimtoa kupe, nikampaka mafuta ya taa palipomwasha, nikamfundisha ishara za mkono: ukiinuliwa juu, njoo, ukinyooshwa kando, zunguka kondoo. Na nilimweleza yote, habari za Wanjiru na lile lori, naye alinitazama usoni mpaka nimalize.

Nyapara alipokuja kupima mbwa, nilijisogeza nyuma yake. Akapiga mluzi, nami nikainua mkono. Jivu akaja mbio.

"Huyu ana sikio kweli kweli!" nyapara akasema, akimpapasa kichwa.

Baba aligeukia ukuta akajifanya anakohoa. Lo, siku hiyo nilijiona mjanja wa dunia nzima.

Kumbe nilikuwa nimemponza. Kwa sifa hizo Jivu akapewa kundi kubwa la juu, kando ya msitu. Nilipanda huko na baba kila siku ili mkono wangu uwepo. Mchana mmoja ukungu ukashuka ghafla, mzito, hata vidole vyangu sikuviona. Baba akapiga mluzi, mbwa wengine wakarudi. Mimi nilisimama nimeinua mkono mpaka bega likafa ganzi. Mwishowe nikaanza kumwita kwa sauti, nikijua fika kwamba naita bure.

"Ita tu, mwanangu," baba alisema. "Ita."

Ukungu ulipoinuka kondoo wote walikuwepo. Jivu hakuwepo. Tulimtafuta siku tatu msituni, hatukupata hata unyoya.

Leo nyumba yangu imejaa wajukuu. Nikiwaita, mimi nyanya yao, wanajibu "Sasa, shosh," macho kwenye simu. Ni watoto wazuri, na masikio yao ni mazima. Nikianza kuwasimulia habari za Kuresoi, wanaitikia kwa kichwa bila kuniangalia, nami hunyamaza kabla sijafika kwenye lori la kina Wanjiru. Hadithi hiyo niliimaliza kwa Jivu tu. Hakusikia hata neno langu moja, na tangu siku ile hakuna aliyenisikiliza kama yeye.