Mimi na Mama Mkwe Juu ya Waya Mmoja

Wenzangu wa Nakuru mnaodhani huku Kampala nauza mabeseni tu, leo nawaletea habari za jinsi nilivyoruka angani. Sikuruka kwa kupenda. Aliyetaka kuruka ni mama mkwe wangu wa Kasubi, mjane mwenye magoti mabovu na moyo wa msichana. Aliona picha ya watu wakiteleza kwenye waya kutoka mti hadi mti, akamwambia mke wangu Nansubuga, "Mimi nataka kuluka hivyo kabla magoti haijakwisha." Nansubuga ni mjamzito, hawezi kufungwa mikanda. Ndugu zake wote wakapata shughuli za ghafla. Nikabaki mimi.

Hapa lazima niwaeleze jambo, la sivyo mtacheka mahali pasipostahili. Kwetu mama mkwe unampa mkono, na akifurahi anakukumbatia. Kwa Waganda, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani hata kidole. Wanasema mkigusana, mikono itawatetemeka nyote wawili. Siku ya kutambulishwa, shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kama Mkenya ataweza kweli kushika mwiko huo. Tangu hapo nimekuwa mkwe wa mfano. Nikimwona mama kwa mbali sokoni, navuka barabara. Heshima hiyo ndiyo iliyonipa kiti Kasubi, na sikuwa tayari kuipoteza juu ya mti.

Jumamosi alfajiri tuliondoka na pikapu yangu ya mizigo. Nansubuga aliendesha, mama akakaa mbele, mimi nikapanda nyuma katikati ya mabeseni. Mama alivaa suruali ya michezo ya mwanawe, lakini kiunoni alijifunga ule mshipi mpana wa gomesi, vazi refu la kina mama wa huku, maana bila mshipi, alisema, angejiona yuko uchi. Bwaise maji yalikuwa yamejaa barabarani kama kawaida yake, na kila gurudumu lilipozama mimi nilioga.

Namawojjolo, kwenye barabara ya Jinja, wauza kuku wa kuchoma walituzingira na vijiti vyao. Mama akanunua paja, akampa Nansubuga, Nansubuga akashuka akaniletea.

"Mama anasema ule, usije ukapeperushwa na upepo."

"Mwambie mama asante sana."

Dirisha lilikuwa wazi na tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

Msituni tulipokelewa na Kato, kiongozi wa kurusha watu, kijana wa Kiganda mwenye mabega ya mbeba magunia. Nilimvuta pembeni nikamnong'oneza shida yangu. Hakucheka.

"Ssebo, hiyo tunapangaga," alisema, ndiyo 'bwana' ya huku. "Mama anatangulia na mimi. Wewe unakuja nyuma na mwenzangu. Ukifika kwa mti, mama amekwenda kwa ingine. Hamukutani."

Kisha akatuonyesha breki: unakandamiza waya kwa kiganja chenye glavu ya ngozi, nyuma ya kichwa chako. "Lakini usifunge mapema," alituonya. "Ukifunga mapema unabaki njiani, na waya inakurudisha katikati."

Mti wa kwanza, mama aliondoka akipiga vigelegele mpaka tumbili wakanyamaza. Mimi nilifuata nimefumba macho, nikisali sala zote nilizofundishwa utotoni, hata ile ya kubariki chakula. Mti wa pili nilifumbua jicho moja. Mti wa tatu nilifumbua yote mawili, nikaona msitu wote umelala chini ya viatu vyangu, na nikafurahi kuliko nilivyotarajia. Kila nilipofika, jukwaa lilikuwa tupu. Kato alikuwa mtu wa neno lake.

Waya wa mwisho ndio mrefu kuliko yote. Niliondoka kwa madaha, miguu nimeinyoosha. Nilipokaribia nikaona kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango: mama yuko palepale jukwaani, amekataa kushuka ngazi, anataka kumwona mkwe wake akiruka. Nikafunga breki. Haikuwa ya woga, jamani, ilikuwa ya heshima.

Nikasimama hatua chache kabla ya jukwaa, juu ya vilele vya miti, na waya ukaanza kunivuta nyuma.

"Shika waya!" Kato alipiga kelele, akajinyoosha mpaka mwisho wa kamba yake. Vidole vyake havikunifikia. Mikono yangu ilianza kulegea. Mama alifungua mshipi wake wa gomesi, akanirushia ncha moja, nami nikaidaka kwa mkono mmoja. Nikajua maana yake: ananivuta bila kunigusa. Alivuta, Kato akasaidia, nikawa naingia polepole kama ndoo inayotolewa kisimani.

Miguu yangu ilikanyaga mbao, kisha ikateleza. Nilimwangukia. Mama akanikumbatia kwa mikono yote miwili, akanibana kifuani mpaka Kato aliponifunga kwenye mti. Kato akageuka haraka kutazama majani.

"Mimi sijaona kitu," alisema.

"Muko," mama akaniambia sikioni, maana ndivyo wanavyomwita mkwe, "ulitaka kufa kwa sababu ya adabu?"

Akaniachia, akajifunga mshipi wake, akazunguka upande wa pili wa shina. Kutoka huko, kwa sauti ya mtu aliyekutana nami sasa hivi, akasema, "Habari ya asubuhi, muko."

"Nzuri, mama," nilijibu shina la mti. Nilimpenda mama yule saa ileile, na bado nampenda.

Kurudi Kasubi nilikaa tena na mabeseni. Jioni tuliletewa chai, mimi kibarazani, mama ndani ya mlango kwenye mkeka wake, Nansubuga katikati.

Mnataka kujua nilichojifunza. Mila ni mila, lakini nilidhani pia mama huyu ananiweka mbali kwa sababu hajanizoea. Kumbe mtu anaweza kukaa mbali nawe miaka yote na bado siku ya siku mikono yake ikawa karibu.

"Huko juu hamkukaribiana?" Nansubuga aliuliza.

"Hapana," mama alijibu. "Kati yetu ilikuwa mti."

Nikainua kikombe changu, kikagongagonga kwenye sahani yake. Nansubuga akanitazama mikono. Ndipo huko ndani, nyuma ya mlango, nacho kikombe cha mama kikaanza kugongagonga.