Wimbo wa Mota ya Kinu

Fundi wa umeme wa kinu cha madini hakuwahi kutazama saa alipowasha mota kubwa. Alishika mkono wa chuma wa kuongezea kasi kwa vidole viwili, kama anayefunua sufuria ya moto, akaimba wimbo wa kanisa kwa Kiluba cha Kasai: kila mstari ukiisha, alisogeza mkono huo kituo kimoja mbele. Aliyeharakisha alichoma fyuzi. Kalenga, mwenzake wa zamu, alimcheka miaka tisa.

Watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mji wa Kolwezi, fundi akiwa mmoja wao, Kalenga alimfuata stesheni, akamkuta ameketi juu ya godoro lake, viatu vinang'aa.

“Tata,” Kalenga akamwita, kama anayemwita baba, “mota inakatala. Fyuzi imebaki moja tu.”

“Uliimba?”

“Mi sijue ile wimbo.”

Fundi akacheka mpaka mama wa godoro la pili naye akacheka. Akamfundisha hapohapo, akimgusa bega kila penye kusogeza mkono, na waliokuwa wakingoja treni wakaitikia.

Jumatatu mkuu mpya wa kinu, aliyekataza Kiluba cha Kasai kinuni, alikuja kusimamia mwenyewe. Kalenga akashika chuma kwa vidole viwili, akaimba kwa sauti kamili. Mota ikaanza kupanda kasi taratibu. Mkuu akangoja wimbo uishe.